Barua ya wazi kwa viongozi wa elimu na michezo Tabora: mazoezi ya nguvu yafundishwe, yasiwe adhabu

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, Afisa Elimu wa Mkoa, maafisa michezo wa halmashauri zetu nane, na wakuu wote wa shule za sekondari.

Waheshimiwa viongozi wangu, salaam.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari ya kata hapa Manispaa ya Tabora. Ndimi pia mwalimu wa michezo, kwa kuwa hakuna mwingine, na ndimi ninayewanoa mabinti wa netiboli. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la shule moja, na wazazi nao wanahusika. Ninachoomba ni hiki: mazoezi ya kujenga nguvu za mwili yaingizwe kwenye ratiba za shule zetu, yafundishwe hatua kwa hatua na mwalimu anayeyajua, na yaondolewe kabisa kwenye adhabu.

Nianze na hilo la adhabu, maana ndilo linaloniuma zaidi.

Mwanafunzi akichelewa paredi anapiga pushapu. Akikutwa anaongea Kiswahili anaruka kichurachura kutoka mlingoti wa bendera hadi getini. Darasa likipiga kelele, wote wanachuchumaa mikono mbele hadi mwalimu wa zamu atakapoona inatosha. Kuchuchumaa na kusukuma ardhi ndiyo mazoezi mawili ya msingi kabisa ya kujenga mwili, popote yanapofundishwa, na sisi tumeyageuza viboko. Halafu kipindi cha michezo kinafika, namwambia binti yule yule achuchumae mgongo ukiwa umenyooka, na usoni mwake naona anajiuliza amekosa nini. Nitamfundishaje kuupenda mwili wake wakati kila akikunja magoti anakumbuka aibu ya mstarini?

Kiboko chenyewe kina kanuni. Tangu 2002 imeandikwa kwamba visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kichurachura ninachokiona mimi hakina idadi wala kitabu, na hakuna anayeuliza mtoto huyu ana afya gani. Katika darasa lenye wanafunzi wengi kama yetu hakosekani mwenye pumu. Na katika shule nzima mara nyingi hakosekani mwenye selimundu, yaani sickle cell, kwa sababu Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo duniani. Mtoto wa selimundu akirushwa juani hadi nguvu zimwishe, maji yakampungua mwilini, chembe zake za damu hujikunja na kuziba mishipa midogo, na maumivu yake hayasimuliki. Hata mwenye afya njema hayuko salama. Misuli isiyozoea ikilazimishwa ghafla kupita kiasi huvunjika, mabaki yake huingia kwenye damu na kuelemea figo. Dalili ni mapaja kuuma na kuvimba, na mkojo kugeuka kahawia. Mwalimu yeyote akiona hivyo, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo naomba waraka. Tena mfupi: hakuna zoezi la mwili litakalotolewa kama adhabu katika shule yoyote ya mkoa huu.

Sasa nije kwenye hofu ya wazazi, ambayo naisikia pia kwa walimu wenzangu: mtoto akinyanyua vitu vizito atadumaa. Hofu hii naiheshimu, ina chimbuko lake. Ncha za mifupa ya mtoto zina sehemu laini ambazo ndizo zinazorefuka, na zikiumia vibaya ukuaji wa mfupa huo unaweza kuharibika. Lakini walioumia hivyo waliumia kwa kubeba uzito mkubwa mno kwa mtindo mbovu, bila msimamizi, au kwa kuangukiwa. Madaktari wa watoto wa Marekani kupitia American Academy of Pediatrics wamelitolea mwongozo zaidi ya mara moja, wa karibuni ukiwa wa 2020: mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa hayamzuii mtoto kurefuka. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wa mwaka huo huo wa 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki yawemo mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Kudumaa tunakokujua sisi chanzo chake ni lishe na maradhi ya utotoni. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na hao hawajawahi kugusa chuma.

Kingine kinachowapa wazazi wasiwasi, hasa wenye mabinti, ni umbo. Wanaogopa binti atatoka misuli kama mwanamume. Nawaeleza kama ninavyofundisha darasani. Kabla ya balehe, nguvu mpya ya mtoto hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamsha misuli aliyo nayo tayari, wala misuli haivimbi. Baada ya balehe, homoni inayojaza misuli ya wavulana ni kidogo sana mwilini mwa msichana. Anachopata binti ni mifupa imara, na miaka hii ndiyo mifupa inapoweka akiba ya maisha yote, ya kuzaa na ya uzeeni.

Wapo watakaosema watoto wetu wana nguvu tayari, wanachota maji, wanalima, wanatembea kilomita nyingi kuja shule. Ni kweli na nawavulia kofia. Ila kazi haina mpangilio wa kumjenga mtoto. Jembe halipungui uzito kwa sababu aliyelishika ana miaka kumi na miwili. Ndoo ya kichwani haimfundishi kutua kutoka hewani. Anayetoka kuvuna tumbaku Urambo au Kaliua ana mikono ya chuma, lakini mwambie anyanyue mfuko kutoka chini uone anavyoukunja mgongo. Mtoto huyo anahitaji kufundishwa kunyanyua kuliko yeyote, kwa sababu ataendelea kunyanyua maisha yake yote.

Vifaa tunavyo. Kila aliyepokea fomu ya kujiunga na shule ya kata anaijua orodha: jembe, fagio, dumu. Mimi naanzia kwenye dumu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chora mistari ya rangi ubavuni mwa dumu la lita 20, na umepata chombo cha kupimia uzito kuanzia kilo mbili hadi kilo ishirini, unachoweza kukiongeza nusu kilo kwa nusu kilo. Vyuma vingi vya dukani havipandi taratibu namna hiyo. Tena maji ambayo hayajajaa hadi juu hucheza ndani ya dumu, na mwanafunzi lazima aukaze mwili wa kati, yaani tumbo na kiuno, ili yasimyumbishe. Wanafunzi wangu wanaandika kwenye daftari: tarehe, zoezi, lita, marudio. Mtoto aliyezoea kushika mkia katika Hesabu akiona mstari wake umepanda kutoka lita tatu hadi sita, anasimama tofauti. Hilo nimeliona kwa macho yangu na ndilo linalonipa moyo.

Lakini dumu haliji siku ya kwanza. Wiki za mwanzo ni mwili mtupu. Mwanafunzi anajifunza kuchuchumaa, nyayo zote ardhini, visigino visinyanyuke, magoti yafuate vidole vya miguu yanakoelekea, kifua wazi, pumzi isibanwe. Kisha anajifunza kuinama kwa kukunja nyonga badala ya kukunja mgongo, na hapo natumia ufito. Unalazwa mgongoni wima, uguse kisogo, uguse mgongo katikati ya mabega, uguse na makalio. Anainama taratibu. Ufito ukiachana na sehemu moja kati ya hizo tatu, mgongo umepinda, anarudi juu na kuanza upya. Mwenzake ndiye anayemwangalia, kwa hiyo wote wawili wanajifunza. Anayeweza kuinama hivyo bila ufito kuachia ndiye anapewa dumu, na dumu lake la kwanza halizidi lita tatu au tano.

Kiasi chake kinajulikana. Seti moja au mbili kwa kila zoezi, kila seti, yaani mzunguko mmoja bila kupumzika, ikiwa na marudio 8 hadi 15, siku 2 au 3 za wiki zisizofuatana. Mwanafunzi akifikisha 15 bila umbo la zoezi kuharibika, unaongeza asilimia 5 hadi 10. Aliye na lita kumi anaongezewa nusu lita au lita moja, basi. Kushindana nani anabeba kizito zaidi kwa mara moja hakumo, na mwalimu atakayeruhusu mashindano hayo kwa watoto ambao miili yao bado inakua atakuwa ameharibu kazi yote.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye netiboli, kwa kuwa huko ndiko ninakoishi. Netiboli ni mchezo wa kusimama ghafla. Binti anaruka, anadaka mpira hewani, anatua, na hana ruhusa ya kutembea nao. Mwili mzima unasimamishwa na goti. Sasa simama pembeni ya uwanja mtazame mabinti wa kidato cha pili wanavyotua: magoti yanakutana kwa ndani, karibu yagongane, kiwiliwili kimesimama wima kama kijiti, na kishindo unakisikia kutoka ukingoni. Hapo ndipo kano ya ndani ya goti, ile inayouzuia mfupa wa ugoko usiteleze mbele, inapokatika. Kuanzia balehe wasichana huipata ajali hii zaidi kuliko wavulana katika michezo ya kuruka na kukata kona. Upasuaji wa kuirudisha kano hiyo si wa zahanati, na gharama zake si za mfuko wa mzazi wa kawaida. Mabinti wengi goti likishakataa ndiyo wameagana na michezo.

Kutua kunafundishika. Naweka tofali mbili, binti anapanda, anashuka kwa miguu yote miwili. Sharti langu ni moja: atue kimya. Nikisikia kishindo, arudie. Ili atue kimya inabidi akunje nyonga na magoti, na ili magoti yasikimbilie ndani inabidi misuli ya makalio na ya nyuma ya paja iwe na nguvu, na nguvu hiyo ndiyo ile ya kuchuchumaa na ya dumu. Mambo haya yameungana. FIFA ina programu yake ya kupasha mwili iitwayo FIFA 11+, iliyotengenezwa 2006, ina mazoezi 15 na huchukua dakika kama 20. Hakuna kifaa kinachohitajika zaidi ya mpira. Ilipojaribiwa Norwei kwa wasichana wanasoka wa miaka 13 hadi 17, na matokeo kuchapishwa 2008, majeraha kwa jumla yalikuwa pungufu kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa wakiifuata. Dakika ishirini, waheshimiwa. Shule zetu zina mchakamchaka wa asubuhi, jambo zuri ambalo nisingependa life. Siku mbili za wiki, baada ya wimbo na mbio fupi, dakika hizo zingepatikana pale pale bila kugusa kipindi cha mtu.

Wavulana wao hawatusubiri. Pita jioni mitaa ya Ng'ambo, Isevya au Kanyenye, utawakuta wa kidato cha pili na cha tatu nyuma ya nyumba za watu wakipiga tizi. Chuma chao ni bomba la maji lenye kopo la rangi lililojazwa zege kila upande. Mara nyingi makopo hayalingani, hivyo bega moja linabeba zaidi. Anayelala kwenye benchi la mbao hana mtu wa kumpokea chuma kichwani, na kila anayefika anataka kuonyesha kwamba anakiweza kile kikubwa. Siwalaumu vijana hawa hata kidogo. Wametafuta kitu kizuri na hatukuwapa mahali pa kukipata. Wala sitaki vijiwe hivyo vifungwe. Nataka kijana afike pale akiwa ameshajifunza shuleni namna ya kukaza mwili wa kati na kupumua, na awe na ujasiri wa kusema hiki bado si changu. Wenye vijiwe nao waalikwe kwenye mafunzo ya walimu. Baadhi yao wanajua mengi.

Mwaka 2022 mkoa wetu ulikuwa mwenyeji wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya kitaifa ya michezo ya shule za msingi na za sekondari. Watoto wa nchi nzima walikuja kucheza hapa kwetu, na mji ulipendeza. Sisi tuliokaa pembeni ya viwanja tuliona jambo moja wazi: kipaji watoto wa Tabora wanacho, wanachoishiwa ni miguu mechi inapoelekea ukingoni. Sababu haijifichi. Timu inachaguliwa mashindano yakikaribia, watoto wanaingia kambini, na kwa muda ule mfupi wanafanyishwa asubuhi na jioni mazoezi ambayo hawajayafanya mwaka mzima. Wanaingia mashindanoni wamechoka, wengine wamefungwa bandeji. Nguvu haijengwi hivyo. Kwa vijana wa umri huu huchukua wiki 8 na zaidi kuonekana, na wakiacha hupotea ndani ya wiki chache. Kambi iwe mahali pa kuunganisha timu, na mwili uwe umeshaandaliwa shuleni tangu Januari.

Na wasio na hamu ya kucheza mpira? Hao ndio wengi, na nawaombea hata zaidi. Kipindi cha michezo cha sasa ni cha wachezaji ishirini na wawili na watazamaji mia nne. Dumu na ufito vinamfikia kila mtoto, mnene na mwembamba, na kwa marekebisho hata mwenye ulemavu. Anayeshindana naye ni yule yule wa daftari la wiki iliyopita.

Kuna wanaoamini kwamba nguvu ni za wabeba vyuma, na mkimbiaji anahitaji mapafu tu. Septemba 2025 Alphonce Simbu alituletea kutoka Tokyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Alikimbia kilomita 42 na ushee, na ushindi ukaamuliwa kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Hatua zile za mwisho hazikimbiwi na mapafu peke yake. Nawaonyesha wanafunzi wangu mwisho wa mbio hizo na kuwaambia watazame mapaja.

Nani atafundisha? Wahitimu wa Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichopo Kwimba mkoani Mwanza, wapo, na Chuo cha Ualimu kipo hapa hapa mjini. Naomba kila halmashauri ituteulie walimu wachache, mwanamume na mwanamke, wapewe mafunzo ya siku chache likizo ya Desemba, kisha wao wafundishe wenzao. Mtaala ulioanza kutumika 2024 umeipa michezo nafasi, kwa hiyo hatuombi kitu cha kuvunja utaratibu. Msianze na mashine. Mashine bila mwalimu itaishia stoo, na ikitoka stoo itamuumiza mtu.

Masharti mengine nayataja kwa ufupi, lakini kila moja lina uzito. Mazoezi yafanyike uwanjani, hadharani. Mwalimu asimguse mwanafunzi kumrekebisha bila kumwomba ruhusa, na mabinti wawe na mwalimu wa kike au matroni pale pale. Binti anayetaka kuvaa suruali ndefu na hijabu avae, hakuna zoezi nililolitaja linalozuiwa na nguo hiyo. Septemba na Oktoba jua letu mnalijua, basi iwe asubuhi na maji yawepo. Mwezi wa Ramadhani waliofunga wapunguziwe au wapumzike bila kuulizwa sana. Wenye selimundu, pumu au ugonjwa wa moyo wajulikane kwa mwalimu kabla ya siku ya kwanza, kwa siri, kupitia kwa mzazi. Na pale ambapo hakuna chakula cha mchana shuleni, mazoezi ya saa tisa ni dhuluma. Mtoto aliyeamkia chai ya rangi hana cha kujengea misuli. Uji wa lishe na maharage ni sehemu ya programu hii, na wazazi wa kamati ya shule wakielezwa hivyo naamini watachangia kwa moyo zaidi kuliko tukiwaambia ni mchango tu.

Niko tayari kuitwa ofisini kwenu kuonyesha ninachokisema, nikiwa na madumu matatu, ufito mmoja na wanafunzi wawili. Haitachukua nusu saa. Lakini waraka wa kuondoa adhabu za mazoezi hauhitaji kusubiri maonyesho yangu, na naomba utoke kabla shule hazijafunguliwa Januari, kwa sababu wiki ile ya kwanza ndiyo ratiba hupangwa na ndiyo walimu wa zamu hugawiwa siku zao.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa michezo, shule ya sekondari ya kata, Manispaa ya Tabora